Mbao Hupakwa au Hunyweshwa? Maoni juu ya Rasimu ya Istilahi za Kumalizia Magitaa kwa Mafuta

Rasimu ya istilahi za ufundi wa ala za muziki za mbao, ambayo tumekaa nayo mezani kwa muda sasa, imetoka katika chuo kimoja cha ufundi kilichopo kando ya Ziwa Viktoria. Jina la chuo hicho tunalihifadhi, kwa kuwa kazi yenyewe haijapigwa chapa na waliyoitunga ni watu wa nia njema. Wanakusudia kutoa kitabu cha Kiswahili cha kuwafundisha vijana wa Mwanza na mikoa jirani kutengeneza na kukarabati magitaa. Jambo hilo ni la kupongezwa. Magitaa yaliyo katika bendi na makanisa ya mikoa ya ziwa ni mengi, na mengi ya hayo hufika kwa fundi seremala ambaye hakufundishwa kazi hiyo popote ila kwa kuona na kujaribu.

Hatutaijadili rasimu yote. Sehemu ya vipande vya gitaa, yaani shingo, kichwa, mgongo, mbavu na tundu, haina kasoro kubwa, kwani watungaji wamefuata mwili wa binadamu kama wafanyavyo mafundi wenyewe. Tunayotaka kuyasema yanahusu sura ya mwisho, ile ya kumalizia mbao zenye marembo ya asili kwa mafuta yatokanayo na mimea. Huenda msomaji akauliza kwa nini istilahi za gitaa zichukue kurasa ambazo zingetumika kwa istilahi za sheria, za kilimo au za uganga. Jibu letu ni kwamba sura hiyo ndiyo inayohusu vitu vinavyowaka moto. Humo mna neno moja lililotafsiriwa vibaya ambalo, likiachwa kama lilivyo, laweza kuiteketeza karakana.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho mhimili wa sura nzima. Rasimu imetumia *kupaka* kwa kila kitu: kupaka rangi, kupaka vanishi, kupaka mafuta. Matokeo ya kazi hiyo imeyaita *mwisho wa mafuta*. Istilahi hii ya pili haina haja ya mjadala mrefu. Kila ajuaye Kiswahili akiisikia atadhani chupa imekwisha. Lakini *kupaka* kwahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni neno zuri lililowekwa mahali pasipolifaa. Vanishi na rangi hukaa juu ya mbao na kufanya utando. Mafuta, katika ufundi huu, hayakusudiwi kukaa juu. Fundi huyamwaga kwa wingi, huyaacha yaingie, kisha baada ya dakika kumi na tano au ishirini huyafuta yote yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Atakayeyaacha juu, kama neno *kupaka* linavyomwelekeza, atapata gitaa linalonata mikono mwezi mzima.

Mafundi tuliozungumza nao Nyakato na Mabatini hawasemi hivyo. Wao husema mbao *imekunywa*, au *haijashiba*, au *imekataa*. Kwa nini basi tusiifuate njia hiyo? Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendesha ambao mfugaji yeyote wa Usukuma anautumia kila siku apelekapo ng'ombe lamboni: *kunywesha*. Twapendekeza *kunywesha mafuta* kwa kitendo, *unyweshaji* kwa ufundi wenyewe, na *mnywesho* kwa kila mzunguko mmoja wa kazi. Hivyo tutasema mnywesho wa kwanza, wa pili na wa tatu, badala ya *koti la mafuta* lililomo katika rasimu. Twajua kwamba wapaka rangi wa mijini husema koti, na hatuna ugomvi nao. Lakini koti huvaliwa juu ya shati, na hapa hatuvishi kitu. *Kupaka* kubaki kwa vanishi na rangi. Hapo ni pake.

Kuna mwenzetu mmoja aliyedai kwamba *vinyweleo*, neno ambalo rasimu imelichagua kwa vitundu vidogo vya mbao, linatokana na *kunywa*, na kwamba kwa hiyo linaafiki pendekezo letu. Tunamshukuru kwa kutuunga mkono, ila *kinyweleo* ni ndugu wa *unywele*. Hata hivyo neno hilo lafaa. Mbao ina vitundu kama ngozi, na msomaji ataelewa bila kuelezwa.

Sasa tuje kwenye marembo ya mbao. Miti mingine, ikipasuliwa, huonyesha michoro ambayo hakuna mkono wa mtu ulioichora. Mkangazi una mistari mipana inayopishana, mmoja wa kung'aa na mmoja wa giza, kwa kuwa nyuzi zake hukua zikipinda huku na huku kwa awamu. Mninga, ambao Mwanza imezoea kuupata kutoka misitu ya miombo ya upande wa Tabora, una rangi za dhahabu na kahawia zilizochanganyika, na mara nyingine hutoa vipande vyenye mabakabaka ya kupendeza. Mti wa mepo wa nchi za baridi, ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, hutoa mawimbi ya kukata upana wa ubao, na ndio unaopendwa kwa migongo ya fidla na magitaa ya thamani. Kwa dhana hii rasimu imeandika mahali pawili *mbao za takwimu*, na mahali pengine *mbao za nakshi*.

*Takwimu* ni ajali ya kamusi. Mfasiri alikuta neno la Kiingereza lenye maana nyingi akaokota ile iliyokuwa karibu na mkono wake. Litafutwa, na hakuna atakayelililia. *Nakshi* ndilo linalotutia wasiwasi, kwa sababu linasikika vizuri na laweza kupita bila kukaguliwa. Nakshi ni kazi ya patasi. Milango ya Unguja na Lamu ina nakshi. Mchongaji aliikusudia, akaichora, akaichimba. Marembo ya mkangazi hayakukusudiwa na mtu. Kitabu kikisema *mbao ya nakshi inywe mafuta mengi zaidi*, mwanafunzi atatafuta ubao uliochongwa, naye atakuwa amesoma sawasawa.

Kwa jumla ya dhana hii twapendekeza *marembo asilia*. Kwa aina zake twaona Kiswahili hakina upungufu: *milia* kwa mistari ya mkangazi, kama ya punda milia, *mawimbi* kwa mepo, *batobato* kwa mabaka ya mninga. Maneno yote matatu yapo midomoni mwa watu, na mwenye kuishi karibu na ziwa hahitaji kuchorewa wimbi.

Imebaki dhana ngumu kidogo. Ubao wenye mawimbi ukiinuliwa na kugeuzwa polepole, mahali palipokuwa na giza huwaka na palipowaka hufifia, kana kwamba nuru inatembea ndani yake. Sababu ni kwamba nyuzi za mbao hazikulala kimoja. Nyingine zinamtazama mtazamaji na nyingine zimempa ubavu, na kila moja huirudisha nuru kwa upande wake. Mafuta yakiingia, hali hii huzidi, na ndiyo sababu mafundi huchagua mafuta badala ya rangi kwa mbao kama hizo. Rasimu imeita sifa hii *ukigeugeu wa mbao*. Kwa maana ya msingi si kosa. Lakini kigeugeu katika Kiswahili cha leo ni mtu aliyeahidi barabara kabla ya uchaguzi, na hatuoni vyema gitaa lisifiwe kwa jina hilo. *Mmeremeto* unatosha.

Neno *nyuzi* tulilolitumia hivi punde lina hatari yake. Rasimu inaagiza: *piga msasa kufuata nyuzi*. Katika kitabu cha makabati agizo hilo lingeeleweka. Katika kitabu cha magitaa, nyuzi ni zile sita zinazopigwa, na kila mahali pengine katika rasimu hiyo hiyo ndivyo zilivyoitwa. Kwenye shingo hakutakuwa na madhara, kwa sababu nyuzi za ala na nyuzi za mti huko zinaelekea upande mmoja. Penye mkunjo wa mbavu na kwenye kiungo cha kisigino cha shingo hazielekei pamoja, na mwanafunzi mtiifu atakwaruza mbao dhidi ya ulalo wake, mikwaruzo ambayo mafuta yataionyesha waziwazi kuliko vanishi. Istilahi mbili zenye umbo moja zisikae katika sura moja. Kwa ulalo wa nyuzi za mti twapendekeza *mkondo*: kusugua kwa mkondo, kusugua dhidi ya mkondo. Wavuvi wa Kirumba wanalijua neno hilo vizuri kutushinda.

Kwa kuwa msasa umetajwa, tusipite bila kuusifu. Leo msasa ni karatasi yenye chenga inayouzwa kwa namba, na kazi ya mafuta hudai kwenda kwa ngazi kutoka 120 hadi 220, kisha 320 na 400. Lakini kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inakumbuka kwamba msasa ni mmea ambao majani yake makavu, yaliyo makali kama ulimi wa paka, yalitumika kulainishia mbao. Hivi ndivyo istilahi njema inavyozaliwa. Kifaa kilipobadilika, jina lilivuka pamoja na kazi, bila kikao cha kamati.

Tufike sasa kwenye mafuta yenyewe. Mafuta yanayotajwa mara nyingi zaidi katika rasimu ni *mafuta ya katani*. Hapa tunasema bila kusita kwamba hayapo. Katani ni singa za mkonge, zao lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ambalo wakulima wengi wa Usukuma wamelipanda kama ua wa mashamba. Mkonge hutoa singa. Haukamuliwi mafuta ya mbao. Kinachokusudiwa ni *kitani*, mmea mwingine kabisa, ambao shina lake hutoa uzi wa nguo na mbegu zake hutoa mafuta. Tofauti ni irabu moja. Afisa ugavi atakayeagiza mafuta ya katani atajibiwa na mwenye duka kwamba hayako, naye ataandika kwenye faili kuwa bidhaa haipatikani, na mafunzo yatasimama.

Akitafuta badala yake, jirani yake kuna mafuta mengi, na hapa rasimu ilipaswa kumsaidia kwa neno moja ambalo imelikosa. Mafuta ya mimea yamegawanyika kwa tabia. Mengine, yakiachwa wazi kwenye hewa, huvuta oksijeni, hushikamana na kuwa kitu kigumu. Ndivyo yalivyo ya kitani. Mengine hayagandi hata yakikaa mwaka. Ndivyo yalivyo ya nazi, ya karanga na ya nyonyo. Katikati yapo ya alizeti, ya ufuta na ya pamba. Wanakemia huipima tabia hii kwa namba ya iodini: kitani hufikia kiasi cha 170 hadi 200, pamba huwa karibu na 100 hadi 115, nazi haifiki hata 15. Mwanza ni nchi ya pamba. Tangu enzi za Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, lililoundwa mwaka 1955, mbegu za pamba zimekuwa sehemu ya maisha ya mkoa huu, na mafuta yake yamekaangiwa samaki wasio na idadi. Fundi asiyeambiwa lolote atayachukua hayo akidhani mafuta ni mafuta. Gitaa lake litabaki na unyevu, litashika vumbi, na baada ya muda litatoa harufu ya kikaango.

Kwa hiyo twataka istilahi *mafuta yagandayo*, *mafuta yagandayo nusu* na *mafuta yasiyoganda* ziingizwe mwanzoni mwa sura, kabla ya jina la mafuta yoyote. Tumeepuka *yakaukayo* kwa makusudi. Maji hukauka kwa kuondoka. Mafuta ya kitani hayaondoki. Hubaki yote na kugeuka. Kwa hatua ya mwisho ya mgeuko huo, ile ya wiki mbili au zaidi ambapo ugumu unakamilika, rasimu imeandika *acha gitaa litibiwe*. Hapa tena kamusi imemponza mfasiri. Gitaa haliumwi. Mafundi ujenzi husema zege *linakomaa*, na mchakato ni wa jamii hiyo hiyo: kitu kinaimarika polepole kwa kemia yake chenyewe. *Acha gitaa likomae*, basi. Wakati wa mvua za masika kukomaa huchelewa, na mwalimu afadhali aliseme hilo darasani.

Tumeahidi kusema juu ya moto. Rasimu ina ingizo *mafuta ya kitani yaliyochemshwa*, na katika maelekezo imeandikwa kwamba mafuta mabichi hugandia polepole sana, *kwa hiyo tumia yaliyochemshwa*. Kwa Kiingereza ndivyo yaitwavyo, na zamani yalichemshwa kweli. Yale yanayouzwa leo kwa jina hilo kwa kawaida hayachemshwi. Yametiwa chumvi za madini, kama za kobalti na manganizi, ili yagande kwa siku moja badala ya wiki kadhaa. Sasa mfikirie kijana wa Sengerema au Magu mwenye chupa ya mafuta mabichi na kitabu cha Serikali mkononi. Kitabu kinamwambia atumie yaliyochemshwa. Anayo mabichi. Analo jiko la mkaa. Atafanya nini? Atafanya kile Kiswahili kilichomwambia afanye, na mafuta yakifurika sufuriani juu ya mkaa, maelezo yetu katika jarida hili hayatamfikia.

Istilahi ya *yaliyochemshwa* lazima iondoke kabisa, hata kwenye faharasa. Badala yake iwe *mafuta ya kitani yenye kikaushi*, na yale mengine *mafuta mabichi ya kitani*. Kuna watakaosema kwamba tumekiuka uaminifu kwa matini ya asili. Matini ya asili iliandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua kopo lenye lebo dukani, na mtu huyo hadanganywi na jina kwa sababu kopo limeshamtengenezea kila kitu. Msomaji wetu hana kopo hilo. Uaminifu wa mfasiri uko kwa kile kinachotendeka kwenye meza ya fundi.

Hatari ya pili ni ya vitambaa. Kitambaa kilichofutia mafuta yagandayo, kikikunjwa na kutupwa pembeni, huendelea kuvuta oksijeni, na kitendo hicho hutoa joto. Kikiwa kimetandazwa, joto huondoka. Kikiwa kimefinyangwa, joto hubaki ndani, huharakisha mgeuko, mgeuko huongeza joto, na baada ya saa chache kitambaa huwaka bila kiberiti wala cheche. Rasimu imelieleza jambo hili kwa sentensi moja: *vitambaa vinaweza kuungua kwa hiari*. Sifahamu ya mwenzetu aliyeandika hivyo haina shaka, kwani alifuata kila neno. Lakini jambo la hiari ni jambo jema. Kodi hulipwa kwa shuruti, mchango hutolewa kwa hiari. Msomaji atatabasamu na kupita. Twapendekeza *kujiwasha*: vitambaa vya mafuta *hujiwasha*. Kisha agizo liandikwe kwa vitenzi vya kuamuru, peke yake, kwa herufi nene: vitandaze kimoja kimoja nje hadi vigumuke, au vitie ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Karakana nyingi tulizoziona zina sakafu ya maranda. Onyo hili halifai kuwekwa katika aya ya tatu ya ukurasa wa mwisho.

Tunajua kwamba mtu atauliza iwapo dhana hizi zote ni ngeni kwetu, na kama Kiswahili hakikuwahi kujua mafuta na mbao kabla ya gitaa. Kilijua. Watu wa pwani waliounda majahazi walikuwa na *sifa*, mafuta ya papa ya kusinga chombo, na *deheni*, mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka chini ya chombo pale kinapozama majini, pamoja na *kalafati* kwa kuziba mianya. Rasimu haikutaja hata moja. Hatusemi gitaa lisingwe sifa. Harufu yake ingemfukuza mpigaji na wasikilizaji. Tunachosema ni kwamba kitenzi *kusinga*, ambacho kwa wengi kimebaki kwa ajili ya mwili wa bibi harusi, kinaeleza hasa kile fundi anachokifanya kwa kiganja katika mnywesho wa mwisho, anapotia matone machache na kuyasugua hadi mbao ipate moto. Kiingizwe.

Vilevile kuna *lakiri*. Kwa ile gundi ya wadudu wa Bara Hindi ambayo huyeyushwa katika spiriti na kutumika kung'arishia samani na ala, rasimu imebuni *laki ya kombe*, kwa kuona ndani ya jina la Kiingereza neno lenye maana ya kombe la baharini. Hakuna kombe lolote humo. Na *laki* kwetu ni mia elfu. Neno *lakiri*, ambalo makarani wa zamani walilijua kwa kufungia barua na vifurushi, linatokana na kitu hicho hicho. Lilale kitandani mwake.

Kuhusu mafuta ya mti wa Kichina uitwao tung, tumeshindwa kukubaliana hata sisi wenyewe. Rasimu inasema *mafuta ya tungi*, nayo yataaminika kuwa yametoka katika chombo cha maji. *Tunga* ni ungo; *tungo* ni kazi ya mshairi. Mti huo umewahi kupandwa kwa mashamba makubwa hata Malawi, pande za Mzuzu, baada ya Vita Kuu ya Pili. Wengi wetu tumeelekea *mafuta ya vernisia*, kwa jina la kitaalamu la mti, ambalo lina undugu na vanishi. Wachache wanaliona zito kwa fundi. Walimu wa ufundi wa mikoa ya ziwa, na wa Kagera ambako mafundi huchonga *enanga* kwa gogo moja na huenda wana jina la mafuta wanayoyatumia, wanaombwa watuletee maoni kabla ya rasimu kurudi kikaoni. Sura nyingine zaweza kuendelea kwenda kwa mpiga chapa. Hii ya mafuta izuiwe hadi *yaliyochemshwa* na *kwa hiari* yatakapokuwa yamefutwa.